Karatasi ya Safu Tatu

Daktari hakunipa kidonge.
Alinipa karatasi, imechanwa katikati ya daftari la mtoto,
akachora safu tatu kwa rula iliyovunjika ncha:
Nilichofanya. Kabla. Baada.
"Sifuri ni shimo," alisema Bi. Ayuma, "kumi ni siku ya harusi.
Andika ukweli, mzee Opati. Mimi si padri."

Nikaikunja, nikaitia mfukoni.
Nitoke Ekero kwa miguu hadi zahanati
nirudi na karatasi?
Hata muuza omena hukufungia kitu ndani.

Miaka kumi na tisa nilikuwa mtu wa boila.
King'ora kikilia saa kumi na moja alfajiri
mwili uliamka kabla yangu.
Kisha kiwanda kikanyamaza,
na ule ukimya ukahamia kwangu,
ukalala upande wa ukutani,
ukala nami, ukaoga nami. Hapana,
kuoga niliacha.
Nafuna, mke wangu, aliuita uvivu, kisha ugonjwa,
kisha akaacha kuuita jina.

Bi. Ayuma aliuliza jambo moja tu:
"Jua hukukuta wapi?"
Chini ya blanketi, nikasema, likinikuta.
Akaniambia nyuma ya jicho kuna njia ya kwenda kwenye saa,
saa isiyo na mishale, haijui Jumapili,
inangoja mwanga wa asubuhi
kama msimamizi anavyongoja zamu mpya ifike getini.
Mwanga usipofika, hesabu ya usiku haifungwi.
Hilo nililielewa. Zamu naijua.

"Na usingoje kutaka," akaongeza.
"Hamu ni gari bovu. Lisukume kwanza,
injini itawakia njiani."

Jumatatu. Nimekaa nje, saa kumi na mbili na nusu.
Kabla: mbili. Baada: mbili.
Jumanne. Sikutoka, mvua.
(Uongo. Haikunyesha.)
Jumatano. Nimepalilia tuta moja la viazi vitamu.
Kabla: moja. Baada: tatu.
Sijui hizo mbili zimetoka wapi.
Alhamisi. Nimekwenda kwa Osundwa, mwenzangu wa zamu ya usiku.
Hatukusema mengi. Redio yake imeota kutu hata sauti.
Nikiaga, akasema, "Mimi pia."
Kabla: mbili.
Baada sikuandika, nilisahau.

Kuna usiku moyo hudunda kama pampu isiyo na maji.
Hata hilo lina kazi yake:
vuta pumzi kwa hesabu ya nne,
itoe kwa hesabu ya sita,
taratibu, kama mtu afunguaye vali ya mvuke,
maana ukiifungua ghafla utaungua.
Nilicheka peke yangu gizani.
Miaka kumi na tisa napunguza presha ya chuma,
nisijue kifua nacho kina vali.

Sisemi nimepona.
Juzi lori lilipita na harufu ya molasi
nikashuka hadi moja, nikakaa huko siku mbili.
Na karatasi haijalipa karo, haijawasha boila,
haijaleta mshahara wa miezi ile tunayodai.
Nilimwambia Bi. Ayuma hivyo, kwa ukali,
wagonjwa wengine wakageuka.
Hakubisha. Alishika kalamu.
"Kugomba na daktari," aliandika. "Kabla?"
Tatu, nikasema.
"Na sasa?"
Nikafikiri. Tano, nikasema, na ikaniudhi kuwa ni kweli.

Hii ni karatasi ya nne. Mistari nimechora mwenyewe.
Asubuhi Nafuna amenikuta nje, jua magotini,
akaisoma bila kuomba ruhusa.
"Hii 'nimemchotea Nafuna maji,' ndiyo umeipa saba?"
Sikujibu. Nilikuwa napoza chai.
Akaichukua kalamu, akaifuta saba,
akaandika sita.
"Ndoo moja ilivuja," akasema,
akasogeza kigoda chake juani.